Kompyuta imeweka nyota kwenye picha ya titi langu, nirudie kipimo kwingine?

MamaMapacha: Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 46, nipo Dodoma. Nimepiga mamogramu, kompyuta ikaweka alama ya nyota titi la kushoto. Nasikia hizi programu hukosea sana. Nirudie kwenye mashine nyingine au nisubiri miezi 6? Maumivu sina. Usingizi ndio sipati.

BondeLaUfa: Pole sana dada. Mama yangu mkubwa alitibiwa saratani Ocean Road, leo hii anauza mbaazi sokoni. Safari ya kwanza tulifika Dar usiku, mvua yote ikaishia mgongoni mwetu, na mjomba aliyeahidi kutupokea kazima simu. Mpaka leo sijamsamehe.

Kiroba: Simu yangu ilimpiga mbuzi picha ikaandika mbwa. Usitishwe na kompyuta.

FundiMionzi: Dada, chumba cha picha ndiyo kazi yangu. Kwenye programu za zamani, pembetatu ni chembe za chokaa, nyota ni "tazama hapa, huenda pana uvimbe". Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na kweli huwekea alama hata sehemu nyingi zilizo salama. Titi lenye nyama nzito hutoka jeupe, uvimbe nao mweupe, vinafichana. Kwa hiyo nyota si jibu. Daktari aliyesoma picha kaandika BI-RADS ngapi, ile namba ya kiwango cha wasiwasi wa saratani?

MamaMapacha: Ripoti ni ndefu, Kiingereza kitupu. Mimi nimeuliza habari za mashine.

BintiImani: Vipimo vimezidi maombi siku hizi. Piga magoti mpendwa.

FundiMionzi: Magoti apige, namba pia atupe.

MamaMapacha: 4C. Wanataka wachukue kinyama wakapime. Hii ni wiki ya 5. Lakini uvimbe ukichokozwa unasambaa, jirani yangu alichomwa sindano hakumaliza mwaka. Na dawa za mzee mmoja wa Singida nimeshalipia nusu.

MzeeWaData: Chai hii. Kaanza na nyota, sasa 4C, kesho atatuletea namba ya kuchangia. Hata kwenye utafiti wa Sweden, wanawake zaidi ya 80,000, akili mnemba ilipunguza usomaji wa picha kwa 44% na bado daktari alizisoma. Wewe daktari wako umemficha muda wote huu? Weka ripoti.

MamaMapacha: Siweki, ina jina langu. Bahasha iko juu ya kabati, chini ya sare za watoto. Kokwa nililigusa mwenyewe nikioga, Ramadhani, gumu kama mbegu ya ukwaju, ukilisukuma halisogei. Baba watoto hajui. Sijaomba hela ya mtu.

FundiMionzi: Mzee, muache. Dada, 4C maana yake uwezekano wa saratani unazidi nusu, na jibu la uhakika linatoka kwenye kile kinyama. Hofu ya sindano kusambaza isikuzuie. Mashine nyingine haitabadilisha kitu ulichokishika kwa mkono wako, na miezi 6 ni mingi mno.

MamaMapacha: Inauma?

FundiMionzi: Wanakupiga ganzi kwanza. Jumatatu beba bahasha nzima, picha na ripoti.

BondeLaUfa: Nipo Area C, dada. Kama hutaki kwenda peke yako, mke wangu atakusindikiza.