Feni ya pikapu inavuma namba 4 tu, na indiketa ina vituko

Wakuu, salaam. Pikapu yangu ni ya 1996, inabeba mizigo Kariakoo–Mbagala. Feni ya ndani namba 1 hadi 3 kimya. Weka 4, inavuma kama mashine ya kusaga. Halafu nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma nayo inawaka kwa mbali. Fundi wa mtaani anataka kubadilisha waya zote. Na foleni hii ya Kilwa Road, naiva.

>> Usimpe hela huyo! Hiyo ni rezista ya feni imekata, kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole. Namba ya mwisho haipiti kwenye rezista, umeme unaenda moja kwa moja. Chungulia nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Ichomoe, nenda nayo kwenye maduka ya spea Gerezani mlinganishe soketi.

>> Indiketa ni ethi mbovu, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Chomoa negativu ya betri, fuata waya wa ethi wa taa mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Kutu tupu hapo. Piga msasa chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Ethi tayari, indiketa imetulia, asante mkuu. Rezista kesho. Na kioo cha dereva kinachopanda mpaka nikisukume?

>> Safisha mipira ya kioo, pulizia silikoni. Oili usiguse, inakamata vumbi.