Wadau naombeni ushauri: ufundi wa reli ya deki ya mbao nitoze vipi?

Patasi88: Habari za saa hizi wadau. Mimi ni seremala, milango na makabati nimezoea, ila nimepata mteja ana deki ya mbao nyuma ya nyumba, yaani baraza la mbao lililoinuliwa, anataka reli ya kuzuia watu wasidondoke pande 3, mita 5, 4 na 5, jumla 14. Mbao ananunua yeye, mimi ufundi tu. Nitoze kwa mita au kwa siku? Nimepiga hesabu mpaka usiku wa manane sielewi.

MzeeWaRanda: Mwanangu kama hujawahi kuifanya usianze na mita, utalia. Anza na siku. Vijiti vya kusimama vya sm 4 na nafasi ya sm 10, mita 14 ni kama vijiti 100, kila kimoja upime ukate upige msasa utoboe ufunge, na hapo hujagusa nguzo. Hesabu siku zako, za msaidizi, msasa, ncha za drili, usafiri, halafu ongeza asilimia 15 ya mvua na mbao kupinda. Jumla ukishaipata ndo ugawe kwa mita umwambie mteja.

MamaPacha: Mafundi mcheni Mungu. Wangu aliacha reli nusu, simu haipokelewi, miezi 2 nimefunga kamba ya kuanikia nguo ili watoto wasidondoke.

ChumaTu: Hiyo kamba ungemwanika fundi mwenyewe mama 😂 Ila mimi nasema achaneni na mbao, wekeni chuma.

Kisiki: Deki iko juu kiasi gani? Reli ya zamani ipo? Kubomoa nako ni kazi, watu wanasahau. Na mteja anasemaje kuhusu bei, mbona hilo unalikwepa?

Patasi88: Iko juu kama mita 1, ya zamani ipo imeoza. Ok ngoja niseme. Bei nilishamtajia, ya siku 3, na advansi nusu nimechukua ikaishia kwenye ada ya mtoto. Nimeona nikiweka nguzo kila mita 2.5 badala ya nafasi isiyozidi mita 1.8, zinakuwa 7 badala ya 10, napata nafuu. Mbao zenyewe nene hazitacheza.

MzeeWaRanda: Kumbe hukuja kuuliza bei, umekuja kutafuta wa kukuruhusu upunguze nguzo. Mimi sikuruhusu. Mtu akiegemea reli anayembeba ni nguzo, na nguzo inashikwa na bolti mbili zinazotokea upande wa pili wa boriti, siyo misumari.

Patasi88: Mzee bolti nitaweka, ila hasara nayo naibeba peke yangu.

Mchunguzi: Hii chai jamani. Juzi humu humu huyu aliuliza mkono wa reli wa mita 18, leo 14. Na seremala gani hajui bei yake? Mnapoteza muda.

Patasi88: Siyo chai kaka. 14 ni za juu, 4 ni za ngazi, mita 2 kila upande. Ngazi sikuiweka kwenye bei, niliisahau siku ile, nikaona aibu kusema.

Mchunguzi: Sawa, nimekuelewa. Samahani.

MzeeWaRanda: Ngazi ndo kazi yenyewe! Kila kijiti kinakatwa mshazari juu na chini, ukikosea kipimo kimoja mstari mzima unakwenda upande. Rudi kwa mteja kabla hujakata ubao, mwambie ngazi haikuwemo mpatane upya. Nguzo weka zote 10, hiyo hasara ni yako.

MamaPacha: Mimi fundi wangu angekuja kuniambia hivyo ningemwongezea. Kilichoniuma ni kunyamaza.

Patasi88: Na akidai advansi yake je? Sina.

Kisiki: Utamlipa kidogo kidogo. Hiyo ngazi nani anaitumia kila siku?

Patasi88: Mama yake mteja. Anatembelea mkongojo. Kesho asubuhi naenda kuongea na mteja.