Nani kashinda mdahalo? Kabla hujanitajia asilimia, niambie walioulizwa ni akina nani

Mwanzisha mada:

Wakuu, mdahalo wa wagombea haujapoa, waongozaji bado wako jukwaani, na tayari kwenye makundi ya WhatsApp inazunguka picha ya skrini: fulani sabini na kitu kwa mia, mwenzake ishirini na kitu, na chini yake mtu kaandika "kagaragazwa". Asubuhi redio inaipokea hiyohiyo. Wachambuzi wanakaa saa nzima wakieleza kwa nini huyo wa sabini kashinda, na hakuna hata mmoja anayeuliza kura hizo kapiga nani.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnishambulie vizuri. Swali la "nani kashinda" halipimi mdahalo. Ukiwauliza watu usiku uleule, unapima zaidi walikuwa upande gani tangu asubuhi. Ukiwauliza kesho yake, unapima walichoambiwa na watangazaji. Kwa hiyo vyombo vya habari viache kabisa kumtangaza mshindi wa mdahalo.

Mnajua hadithi ya Kennedy na Nixon, Chicago, 26 Septemba 1960. Waliotazama televisheni walimwona Kennedy kijana mtanashati, Nixon katoka hospitali juzi kwa ajili ya goti, kakonda, jasho linamtoka kidevuni. Waliosikiliza redio, tunaambiwa, wakasema Nixon ndiye mshindi. Vyuoni inafundishwa hivyo bila wasiwasi. Lakini ukiuliza takwimu imetoka wapi, unaishia kwenye utafiti wa kampuni moja, Sindlinger. Walihojiwa watu zaidi ya 2,000; waliosikiliza redio walikuwa 282, na waliotoa jibu la nani kashinda ni 178. Mwaka 1987 watafiti wawili, Vancil na Pendell, waliufukua ushahidi huo na kuonyesha jinsi ulivyo mwembamba. Hatujui hao 178 walikuwa wa chama gani. Na mwaka 1960 Mmarekani aliyebaki na redio tupu mara nyingi alikuwa mtu wa shamba na Mprotestanti, ambaye Kennedy Mkatoliki hakumkaa rohoni hata kabla hajafungua mdomo. Yaani huenda redio haikubadilisha chochote. Watu wa Nixon walisema Nixon.

Ila mfano unaoniuma zaidi ni wa San Francisco, 6 Oktoba 1976. Rais Gerald Ford, akimjibu Max Frankel wa New York Times, alisema hakuna utawala wa Kisovieti juu ya Ulaya Mashariki. Frankel hakuamini masikio yake. Akamrudia, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kufuta jibu. Ford akakaza: akataja Yugoslavia, akataja Romania, akataja Poland, kwamba zote ziko huru. Poland, ambako majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamepiga kambi!

Sasa tazameni. Watafiti wa kampeni ya Ford mwenyewe walikuwa wanapiga simu usiku huohuo. Waliohojiwa mwanzoni, kabla uchambuzi haujawafikia, wengi kidogo walimpa Ford, na ilikuwa nadra mtu kutaja Ulaya Mashariki. Siku iliyofuata televisheni na magazeti hayakuwa na wimbo mwingine. Kufika jioni, waliopigiwa simu walimpa Carter, mpinzani wa Ford, ushindi kwa pengo kubwa mno, na Ulaya Mashariki ikawa midomoni mwa kila mtu. Mdahalo ni uleule, maneno ni yaleyale. Kilichoongezeka ni saa 24 za kuambiwa.

Kura za kubofya, zile za kila anayetaka kujipigia mwenyewe, sizigusi sana, maana zinajulikana. Mwaka 1980, baada ya mdahalo wa Reagan na Carter, televisheni ya ABC iliwaambia watazamaji wapige simu kwa senti 50. Zikaingia simu karibu laki saba, Reagan akimzidi Carter mara mbili. Mwenye senti zake angeweza kupiga mara ishirini. Kura za tovuti alizojivunia Trump mwaka 2016 ni mtoto wa mama yuleyule.

Karibuni.

Mchangiaji, Nairobi:

Ndugu, umechanganya mambo mawili kisha ukayahukumu kwa kosa la moja. Kura ya kubofya ni takataka, hapo tuko pamoja. Lakini utafiti wa kisayansi wa waliotazama ni kitu kingine, na wanaoufanya vizuri hawafichi. Baada ya mdahalo wa kwanza wa Clinton na Trump, 26 Septemba 2016, CNN walitoa 62 kwa 27 kwa faida ya Clinton, na walisema wenyewe kwamba waliohojiwa wameegemea upande wa Democratic: asilimia 41 walikuwa wa chama hicho, Republican 26. Walikuambia mizani yao imeinama kiasi gani. Unataka nini zaidi?

Halafu hiyo nadharia yako kwamba kila mtu anajibu kwa chama chake haisimami. Obama na Romney, Denver, 3 Oktoba 2012: CNN walipata Romney 67, Obama 25. Warepublican peke yao hawawezi kukupa 67. Biden na Trump, Atlanta, 27 Juni 2024: Trump 67, Biden 33. Wako Wademokrati waliomwona mtu wao akipotelea katikati ya sentensi, wakasema ukweli. Tarehe 21 Julai Biden alijitoa kwenye kinyang'anyiro. Utaniambia mdahalo ule haukuwa na mshindi?

Na hili la 1976 umelisoma kichwa chini. Wale wa usiku hawakujua kwamba Ford amekosea. Wa kesho yake walikuwa wameelezwa. Jibu la nani lina thamani zaidi, la aliyejua au la ambaye hakujua? Waandishi walifanya kazi yao.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Mnabishana na vya watu. Mwaka 2015 Magufuli na Lowassa walichukua zaidi ya asilimia 98 ya kura kwa pamoja na hawakukaa meza moja ya mdahalo hata siku moja. Sisi tutajadili nani kashinda tukishapata mdahalo wenyewe.

Mchangiaji, Mombasa:

Nacheka na kaka wa Dar, lakini amegusa jambo. Kenya midahalo tumeipata, na funzo lake halifanani na la Marekani.

Tarehe 11 Februari 2013, wagombea urais wanane walisimama shule ya Brookhouse, Nairobi, ndio mdahalo wa kwanza wa aina yake kwetu. Nani alinawiri? Mwalimu Abduba Dida. Nchi nzima ilikuwa inarudia maneno yake, mitandaoni hakuna aliyetajwa kwa mapenzi kama yeye, hata wale waliokuwa hawamjui asubuhi ile wakawa wanamnukuu. Ungepiga kura ya papo kwa papo usiku ule kuuliza nani kakufurahisha, sijui nani angemfikia. Machi 4 ikafika, Dida akapata kura 52,848. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Mimi siamini kwamba watu walibadilisha mawazo. Walimpenda jukwaani na kura wakaipeleka walikokuwa wameipanga. Watu wetu wanajua kabisa kwamba mashindano ya kusema na kinyang'anyiro cha kura ni vitu viwili, wanaochanganya ni watangazaji.

Kisha ukaja mchezo wa kukwepa. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila naye akakataa, William Ruto akasimama na jukwaa tupu pembeni. Huyo aliyesimama na hewa alishinda au hakushinda? Kwenye kura za Agosti 2022 Ruto alipewa asilimia 50.49, Raila 48.85. Kuna wanaosema kiti kitupu ndicho kilichomponza Raila. Pengo lilikuwa dogo kiasi kwamba unaweza kuibandikia sababu yoyote ikashika.

Sheria tunayo. Ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayechapisha aseme nani kaufanya utafiti, nani kaulipia, lini, wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa. Tena siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi haruhusiwi kuchapisha kabisa. Lakini picha ya skrini ya WhatsApp haiisomi sheria hiyo.

Mwanzisha mada:

Nairobi, umenibana vizuri, ila tusogee polepole.

Denver na Atlanta nakubali: mtu akianguka chali mbele ya mamilioni, hata wa kwao wanaona. Lakini hapo hukuhitaji utafiti kukuambia. Utafiti unahitajika pale palipo karibu, na hapo ndipo unapoyumba. Tena angalia hizo 67 zako zilikokwenda. Romney kashinda Denver, kashindwa Novemba. Kerry mwaka 2004 alimshinda Bush kwenye utafiti wa kampuni ya Gallup baada ya mdahalo wa kwanza, 53 kwa 37. Aliyeapishwa ni Bush. Harris alimshinda Trump kwa 63 dhidi ya 37 kwenye utafiti wa CNN, Septemba 2024, na leo tunajua nani yuko Ikulu. Hata baada ya Atlanta, pengo la kitaifa kati ya Biden na Trump lilisogea pointi chache tu. Kilichomng'oa Biden ni wakubwa wa chama chake na wafadhili walioshikwa na kiwewe. Wapiga kura wa kawaida wengi walikuwa bado pale walipokuwa.

Uingereza ndio kabisa. Tarehe 15 Aprili 2010, mdahalo wa kwanza wa viongozi wa vyama, Nick Clegg akawabwaga Brown na Cameron kwenye tafiti za papo hapo. Kampuni ya utafiti ya YouGov ilimpa asilimia 51, mbali na wenzake. Vyombo vikapagawa. Tarehe 6 Mei chama chake kikatoka na viti 57, kutoka 62 vya uchaguzi uliotangulia. Kimepungukiwa!

Na kuna ule mstari unaocheza chini ya skrini wakati mgombea anazungumza, ukipanda na kushuka kufuata hisia za kikundi cha watu wachache. Watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio mwaka 2011: walirusha mdahalo wa wagombea, wakauchezea mstari kwa siri umpendelee mmoja au mwingine. Watazamaji wakaelekea kumwona mshindi yule aliyependelewa na mstari, na hata mgombea wa kumchagua wakavutwa nao. Hawa hawakusubiri hata magazeti ya asubuhi, walitungiwa hukumu yao wakiwa wanatazama.

Kuhusu 1976, ndiyo, waandishi walikuwa na kazi: kusema Ford amekosea kuhusu Poland, na kueleza amekosea wapi. Hiyo ni habari. "Carter kashinda" si habari, ni shangwe za mashabiki. Andika la kwanza, acha la pili.

Mchangiaji, Nairobi:

Ukiacha la pili, litaandikwa na msemaji wa chama akiwa bado ukumbini. Mnamwachia nani uwanja? Mimi nataka afadhali asilimia iliyo na jina la kampuni na idadi ya waliohojiwa kuliko msemaji anayelipwa kusema bosi wake aling'ara.

Nakupa nusu ya njia: wasitangaze takwimu moja. Watenganishe majibu ya waliokuwa wameshaamua na ya wasioamua, na waulize kila mmoja kabla na baada. Wasioamua wakihama, hiyo ndiyo takwimu ya kupeleka kwenye ukurasa wa mbele.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Hao wasioamua huwa wanatazama mdahalo kweli? Mtaani kwetu wanaokesha kutazama ni wale wenye fulana za chama tayari.

Mwanzisha mada:

Swali zuri kuliko yote hapa, na ndiyo maana hata hiyo nusu ya njia ya Nairobi naipokea kwa mkono mmoja. Mombasa, ile sheria yenu ya 2012: unajua chombo chochote kilichowahi kuchukuliwa hatua kwa kusoma hewani kura ya kubofya bila kutaja waliohojiwa? Uchaguzi wenu wa Agosti 2027 hauko mbali.