Naomba ushauri: mkoromo wa King Curtis kwenye "Respect"

Wakuu, nahitaji msaada kwa solo ya saksafoni ya tenori aliyopiga King Curtis kwenye "Respect" ya Aretha Franklin (1967). Ni baa (vipimo vya mapigo) 8 tu, lakini zina utamu wa ajabu. Otis Redding alipoutoa wimbo huu 1965 kipande hicho hakikuwemo.

Noti si tatizo. Wimbo uko kwenye ufunguo wa C, solo inaruka ghafla hadi akodi (noti zinazopigwa pamoja) za F#m7 na B7, zinapokezana baa moja moja, na baa ya 8 inaangukia G7 ili kurudi nyumbani. Kwa tenori, ambayo noti zake huandikwa toni moja juu, hiyo ni G#m7, C#7, kisha A7. Vidole vimeshazoea.

Kinachosumbua ni ule mkoromo. Kanuni naijua: unaguna kooni huku unapuliza, na mguno uwe noti tofauti na inayopigwa ili sauti mbili zigongane. Kwenye noti za katikati unatoka vizuri. Nikibonyeza kitufe cha oktava (cha kupandisha noti juu), koo linabana, pumzi inapungua, noti inashuka au ridi (utete unaotetemeka mdomoni) inapiga yowe. Ridi yangu ina ugumu wa namba 3. Ya 2½ inakoroma kirahisi ila juu sauti inakuwa nyembamba, haina ile nyama ya King Curtis.

Mnaoguna mkiwa juu, mguno mnauweka chini ya noti au juu yake? Na kwa mausipisi (kipande cha kupulizia) yenye mdomo mpana, ridi namba ngapi inavumilia? Naomba pia zoezi la kutenganisha koo na midomo, maana nikiguna tu, taya nalo linakaza.