Ushauri: Taksasi ya uzioni inageuka njano baada ya kung'olewa

Kijani_Kibichi:
Wakuu, salaam. Nina taksasi, Taxus baccata, mti wa majani kama sindano, iliyokuwa sehemu ya uzio; nataka iwe bonsai, yaani mti mdogo wa kulelewa chunguni. Iling'olewa miezi minne iliyopita, mwanzo wa majira ya kuchipua. Shina lina unene wa sm 9 chini, urefu umebaki sm 45. Imo kwenye kreti ya mbao. Udongo wake wa mfinyanzi nimeuacha wote ili mizizi isishtuke, pembeni nimejaza changarawe. Namwagilia kila siku. Ilichipua vizuri, ila sasa majani yanageuka njano na ncha zinalegea. Niihamishie kwenye chungu bapa? Na waya wa kukunja matawi nianze lini kuufunga?

Mzizi_Mkuu:
Usiihamishe. Taksasi huvumilia kivuli, chokaa na mkasi, lakini haivumilii mizizi kukaa majini. Mfinyanzi unashika maji huku changarawe ya pembeni ikikauka upesi. Ukiona juu pakavu unamwaga tena, na kule katikati mizizi inakosa hewa inaoza. Ncha zinalegea kwa sababu mzizi uliooza haunywi, hata maji yakiwa tele.

Chomeka kijiti kikavu cha mbao katikati ya donge la udongo na mizizi, sm 8 kwenda chini, ukiache dakika 10. Kikitoka kimelowa, siku hiyo humwagilii. Inua upande mmoja wa kreti kwa tofali, maji yaliyotuama chini yatoke. Kisha toboa donge kwa bisibisi ndefu, matundu ya wima yaachane kama sm 5, uyajaze pamisi, vijiwe vyepesi vya volkeno vyenye vitundu, vya mm 3 hadi 6. Ukigonga mzizi mnene, sogea pembeni. Iweke kivulini, nyunyizia majani asubuhi, na mbolea simamisha mpaka ncha mpya zisimame.

Mkasi_Mkali:
Ningeongeza: punguza majani yote ya zamani ili mizizi ipumzike. Taksasi huchipua hata kwenye shina tupu.

Mzizi_Mkuu:
Hapo napinga, ndugu. Ni kweli huchipua hata kwenye shina kongwe, na ndiyo tofauti yake kubwa na misonobari. Ila chipukizi hilo linatoka kwenye akiba ya mti, na huyu akiba yake ameshaitumia kuchipua mara moja. Majani ya kijani yaliyobaki ndiyo yatakayolisha mizizi mipya. Ondoa yaliyokauka tu. Mizizi na matawi havikatwi katika msimu mmoja.

Jani_Sindano:
Kabla ya kulaumu maji peke yake, kagua kingo za majani. Zikiwa na mapengo kama zimetafunwa, huyo ni fukusi, mdudu mwenye mdomo mrefu. Mkubwa anakula majani usiku. Mabuu yake, meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia, yanakula mizizi chini. Fukua sm 5 za juu utazame. Ukiyakuta, mwagilia nematodi, minyoo midogo sana wanaoua mabuu ya fukusi, udongo ukiwa na unyevu na usiwe wa baridi.

Kijani_Kibichi:
Asanteni sana. Kijiti kimetoka kimelowa kabisa. Majani hayana mapengo. Huo mfinyanzi nitauondoa lini, na waya?

Mzizi_Mkuu:
Mfinyanzi subiri mti uchipue kwa nguvu msimu mzima, kisha mwanzo wa machipuko uoshe nusu moja ya donge hadi mizizi ionekane, ujaze pamisi. Nusu ya pili miaka miwili baadaye. Chungu bapa kinafuata baada ya hapo.

Waya pia usubiri. Ukishaanza, kagua kila mwezi wakati wa kukua: gome la taksasi ni jembamba, waya ukizama alama inakaa miaka.

Jani_Sindano:
Na vipande unavyokata usiviache chini. Majani, gome na mbegu vina taksini, sumu inayosimamisha moyo. Ng'ombe au farasi akila kidogo anaweza kufa. Ukija kuchonga mti mkavu kwa mashine, vaa barakoa na glavu, maana hata vumbi lake si la kuvuta.