Omega Constellation ya zamani kwa 85,000: ni ya kuweka au ya kuvaa tu?

Nahodha wa Casuarina (Malindi)
Assalaam alaykum. Hapa Casuarina tulikuwa na jirani, mzee wa Kiitaliano, amefariki mwaka jana. Mwanawe anauza vitu vya nyumba kabla hajarudi kwao, na kati ya hivyo ipo Omega Constellation, otomatiki, ina tarehe, dhahabu juu na chuma nyuma. Anataka shilingi 85,000. Mimi nina Seiko 5 mbili alizoniachia marehemu baba, na kwa muda mrefu nimetamani saa moja ya maana ya kuanzia. Inatembea vizuri. Uso ni safi, hauna hata doa, ila mfuniko wa nyuma umelika, zile nyota zake huzioni ila kwa shida. Nichukue?

Fundi wa Langoni (Lamu)
Waalaykum salaam, mwanangu. Nimeshika saa za watu tangu ujana wangu hapa Langoni, na hicho unachokisifu ndicho kinachonitia wasiwasi. Saa ya umri huo, iliyoonja chumvi ya pwani hadi mgongo ukalika, uso wake usiwe na doa? Huenda umepakwa upya. Na kwa wakusanyaji, uso ndio saa. Mashine ikisimama huamshwa, kioo hubadilishwa, mkanda sina haja ya kuutaja. Uso ukishasuguliwa na kuandikwa upya, basi tena.

Kwa hiyo anza hapo. Tafuta lenzi, simama penye mwanga wa mchana. Nyota iliyo upande wa namba 6 ni kipande cha chuma kilichopachikwa, si rangi. Herufi za jina ziwe nyembamba, zenye kingo kali, zisizovimba. Ukingoni kabisa, chini, pawe na maneno SWISS MADE. Mafundi wa kupaka upya huyasahau, au huyaandika yakaenda upande. Kama uso una zile kingo kumi na mbili zilizoinama, ule mfano wa sinia iliyopinduliwa, zipitishie jicho moja moja, kwani rangi mpya nzito huzijaza.

Halafu ifunguliwe na fundi, ndani ya chumba. Si barazani, upepo wa kusi una mchanga na chumvi. Mashine ya Omega ya wakati huo ina rangi ya shaba. Constellation yenye tarehe ya miaka ya 1960 utaikuta na mashine ya aina ya 561 au 564, na juu yake pamechongwa kwamba imerekebishwa kwa mikao mitano na kwa joto, yaani itembee sawasawa vyovyote ilivyolazwa. Ukikuta 565, hiyo ni ya Seamaster, mtu amechanganya. Nisomee na ile namba ndefu ya mashine, ndiyo itakayotuambia umri wake.

Dhahabu ya juu, kama nyuma ni chuma, ni ganda tu, usiilipie kama dhahabu tupu. Tazama masikio yanayoshika mkanda: pembe zikiwa zimeviringika, au weupe wa chuma unachungulia, imepigwa polishi kupita kiasi.

Binti Mkomani
Samahani fundi, naingilia. Ami yangu alirudi na Rolex kutoka Maskati, ina nembo ya hanjari usoni. Kuna mtu kaiona, anasema ni mali nyingi sana. Kweli?

Fundi wa Langoni (Lamu)
Zipo kweli, binti yangu. Miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza saa za namna hiyo kupitia duka la Asprey, London, akiwatunuku watu. Kwa sababu zinatafutwa sana, hanjari hupigwa juu ya uso wa Rolex ya kawaida. Muulize ami yako alipewa na nani, kwa kazi gani, na kama ana barua au picha ya siku ile. Hapo ushahidi una nguvu kuliko lenzi yangu. Na asimpe mtu aondoke nayo "kuionyesha".

Nahodha wa Casuarina (Malindi)
Nimerudi, fundi. Mashine ni 561, maneno ya mikao mitano yapo, namba inaanza na 24, tarakimu nane. Nyota ni ya chuma. Lakini SWISS MADE haipo kabisa, na herufi za "Constellation" zimenenepa. Kijana anaapa haijaguswa.

Fundi wa Langoni (Lamu)
Simwiti mwongo, huenda baba yake aliipeleka kwa fundi yeye akiwa mtoto. Hata wakubwa huingia humo: Novemba 2021, Geneva, Omega moja ya aina ya Speedmaster ilinadiwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na walionunua ni Omega wenyewe, kwa makumbusho yao. Mwaka 2023 ikajulikana imeunganishwa vipande vya saa mbalimbali.

Yako ni Constellation ya kweli ya katikati ya miaka ya 1960, mashine yake halali, uso umepakwa. Ya kuweka, hapana. Ya kuvaa, naam, na nzuri sana, lakini si kwa 85,000. Mimi ningempa 40,000, nikitenga pembeni za kuisafisha mashine na kutia mpira mpya wa mfuniko. Akikataa, mshukuru. Na usiende nayo baharini, nahodha, hata ukiambiwa haiingii maji. Huko vaa Seiko ya baba.