Mjadala: Oili ya giaboksi ya otomatiki ibadilishwe lini, au iachwe ilivyo?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, hoja yangu ni kwamba mtu aliyenunua gari la otomatiki lililotumika Japani, lisilo na kumbukumbu ya matengenezo, abadilishe oili ya giaboksi mapema, wakati gari bado linaingiza gia vizuri, asisubiri dalili. Najua gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zinafundisha kinyume: giaboksi iliyotembea sana isiguswe, kwa sababu ikiguswa inakufa. Wapo pia wanaosema kuwa mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba oili hiyo haibadilishwi, hivyo anayeibadilisha anatupa fedha. Naomba tujadili kwa hoja, maana giaboksi ikifa mwenye gari huishia kuzunguka Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi akitafuta nyingine ya mtumba, ambayo nayo hajui imetembea kiasi gani wala imelishwa oili gani.

Tuanze na kazi ya oili yenyewe. Katika injini, oili inalainisha, inapoza na kusafisha. Katika giaboksi ya otomatiki inafanya hayo yote, na juu yake inapeleka nguvu ya injini kupitia konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) na kusukuma klachi kwa presha ili gia iingie. Kemikali zilizochanganywa ndani yake ndizo zinazoamua kama klachi zitashikana kwa ulaini, kwa kishindo, au zitateleza. Kemikali hizo huisha taratibu hata kama oili bado inaonekana nyingi na nyekundu, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi. Kinachoimaliza haraka ni joto. Kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi, kasi ya oili kuungana na oksijeni hukaribia maradufu. Kwa kanuni hiyo, giaboksi inayofanya kazi kwenye nyuzi 105 huchakaza oili karibu mara nne ya ile inayokaa kwenye nyuzi 85, na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi hazitakuonyesha tofauti hiyo.

Sasa ile hoja ya oili ya maisha, yaani isiyobadilishwa kamwe. BMW imeuza magari yenye giaboksi za ZF ikisema oili yake haihitaji kubadilishwa, ilhali ZF wenyewe, ambao ndio waliozitengeneza giaboksi hizo kule Ujerumani, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kulingana na matumizi. Mercedes-Benz nao waliitoa giaboksi yao ya gia tano ya mwaka 1996 wakisema imejazwa oili ya maisha, hata bomba la kupimia likafungwa kifuniko ambacho mwenye gari hatakiwi kukifungua; miaka michache baadaye wakarudi na agizo la kubadilisha oili. Maisha yanayozungumzwa na mwenye kiwanda, kwa maoni yangu, ni maisha ya mnunuzi wa kwanza. Sisi huku ni wanunuzi wa pili, wakati mwingine wa nne.

Hata vitabu vya watengenezaji wanaosema oili ikaguliwe tu huwa na ukurasa mwingine unaohusu matumizi magumu: kuvuta tela, kubeba mizigo mizito, milima, vumbi, na mwendo wa kusimama na kuondoka. Anayetoka Mbagala kwenda Posta kila asubuhi, au anayepandisha mlima Kitonga akiwa na familia na magunia nyuma, yumo ndani ya ukurasa huo. Halafu kuna umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haizuii, ila inaliongezea ushuru gari linapokuwa kuukuu. Kwa hiyo gari linaloshuka bandarini kwetu huenda bado lina oili ile ile iliyotiwa kiwandani, na kilomita zinazosomeka zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma.

Kinachobaki ni ile hofu kwamba oili mpya inaua. Nimeisikia kwa mafundi wazuri, kwa hiyo siipuuzi. Hata hivyo tujiulize ni nani hupeleka gari kubadilishiwa oili ya giaboksi katika mazingira yetu. Mara nyingi ni yule ambaye gari lake tayari linakawia kushika gia, linanguruma bila kusogea, au linapiga kishindo likitoka namba mbili kwenda tatu. Klachi zimekwisha kuungua. Oili inabadilishwa Jumatatu, giaboksi inakufa Ijumaa, na lawama inaangukia oili. Gari lililobadilishiwa likiwa zima halina habari ya kusimuliwa, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Pendekezo langu, basi, ni hili. Gari likiingia, lijaribiwe barabarani likiwa limepata moto. Likiwa linaingiza gia vizuri, oili imwagwe kupitia nati ya chini na kujazwa ile iliyoagizwa kitabuni, kisha zoezi lirudiwe baada ya kilomita elfu kadhaa. Chukua giaboksi inayobeba lita 7 ambayo nati inatoa lita 3, kwa kuwa nyingine inabaki kwenye konveta na mabomba. Mara ya kwanza asilimia 57 ya oili ya zamani inabaki, mara ya pili asilimia 33, mara ya tatu chini ya 20. Giaboksi haishtuliwi, na hakuna haja ya mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo. Baada ya hapo, kila kilomita 60,000 kwa magari ya foleni naona ni kipimo cha busara.

Mchangiaji, fundi wa Morogoro:

Ndugu mleta mada, heshima kwako. Umeeleza vizuri, lakini umeandika kama mwenye gari, na mimi naomba niandike kama mtu anayelala chini ya gari. Mteja anapokuja na gari ambalo oili yake ni nyeusi na inanuka kuungua, akasema anataka kubadilisha, mimi nakataa, na nitaendelea kukataa. Ndani ya oili hiyo kuna unga uliotoka kwenye klachi, na unga huo ndio unaosaidia klachi zilizobaki nyembamba zishikane. Ukiutoa, ukaweka oili mpya inayoteleza na yenye nguvu ya kusafisha, gari linaweza kugoma kwenye geti langu. Wewe unasema klachi zilikuwa zimeungua tayari. Ni kweli, ila mteja aliingia akiendesha na anatoka akivutwa, na hakuna maelezo ya kemia yatakayomfanya asinidai giaboksi.

La pili, umelipita haraka suala la kupima kiwango. Toyota ya zamani yenye stiki ya kupimia oili ni rahisi: gari liwe na moto, injini ikiwaka, unapitisha gia zote kisha unarudi P na kusoma upande wa moto. Honda, kinyume chake, inataka injini izimwe na usome ndani ya dakika moja na nusu. Nimeona watu wakipima Honda kama Toyota, wakaongeza oili isiyohitajika, ikatoa povu na presha ikapungua. Na magari mengi ya sasa hayana stiki kabisa. Unafungua nati ya kufurikia (inayotoa oili iliyozidi), oili ikiwa kwenye joto lililoagizwa, na joto hilo linasomwa kwa mashine ya uchunguzi. Gereji ngapi za mtaani zina mashine hiyo? Kama haipo, mimi naona ni salama zaidi kuacha kuliko kufungua kitu usichoweza kukifunga kwa kipimo.

Mchangiaji, Mombasa:

Namuunga mkono fundi, na naongeza jambo la soko. Dukani unauziwa dumu jekundu lililoandikwa kila jina la oili duniani, kwamba linafaa Toyota, Honda, Nissan na magari ya Wajerumani kwa pamoja. Wengine wanapimiwa kutoka kwenye pipa kwa lita. Oili ya kiwandani, hata ikiwa imechoka, walau tunajua ilikuwa sahihi. Mleta mada anatutaka tuache kitu kizee tunachokijua tuchukue kipya tusichokijua, na sioni busara ya biashara hiyo.

Mchangiaji, Nakuru:

Naomba kuuliza, kwa sababu linanihusu. Nina Nissan X-Trail ya CVT (giaboksi ya mkanda) niliyoinunua ikitoka Japani. Ikiwa baridi asubuhi, nikitoka R kwenda D, inakawia kidogo kabla ya kushika. Fundi wa karibu ameniambia oili ya otomatiki ni oili ya otomatiki, kwamba ataiwekea ile ya kawaida nyekundu na tatizo litaisha. Je, nikubali?

Mleta mada:

Nashukuru kwa michango. Nianze na fundi wetu. Kuhusu gari ambalo oili yake tayari inanuka kuungua na gia zinateleza, tunakubaliana kwamba kubadilisha oili si tiba, na fundi ana haki ya kukataa au kumwandikisha mteja kabla ya kufungua. Hoja yangu ilihusu gari zima. Tunapoachana ni pale kanuni hiyo ya gari bovu inapotandazwa juu ya kila gari lililovuka kilomita laki moja. Unga wa klachi unaosemwa kusaidia ndio huo huo unaoganda kwenye vali ndogo za kugawa presha na kukwaruza njia zake. Mwenye gari anayeambiwa aache mpaka dalili zije, kisha dalili zikija anaambiwa amechelewa, kwa kweli ameambiwa asibadilishe milele.

Ukifungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), ushahidi upo pale chini kwenye sumaku. Tope laini la kijivu lililofunika sumaku ni uchakavu wa kawaida. Safisha, funga, endelea. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho, au mabaki meusi ya klachi yaliyojaa kwenye filta, vinamaanisha mteja aitwe aje aone kabla hata tone moja la oili mpya halijaingia. Hapo fundi anajilinda vizuri kuliko kwa kukataa kufungua. Na oili ikitoka na rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, hiyo ni maji, aghalabu kutoka kwenye kipoza oili kilichotoboka ndani ya rejeta, au gari lilipita kwenye mafuriko. Hilo halingoji kilomita yoyote.

Kuhusu vipimo, nakubali bila kupinga: giaboksi isiyo na stiki isipelekwe kwa fundi asiye na mashine ya kusoma joto. Hata hivyo hiyo ni sababu ya kuchagua gereji, na haibadilishi muda wa kubadilisha oili.

Ndugu wa Mombasa ameigusa sehemu ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu naamini vifo vingi vinavyosingiziwa oili mpya vimeletwa na oili isiyo yake. Toyota ilitumia T-IV kwa magari mengi, kisha ikahamia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na haikuziruhusu zibadilishane nafasi. Honda ilikuwa na Z1, ikaja DW-1. General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III, kiwango chake cha oili ya giaboksi, mwishoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo dumu jipya lenye maandishi hayo leo lina ahadi ya mchanganyaji wake tu, bila mwenye jina kuithibitisha. Soma stiki au kitabu, nunua aina iliyotajwa kwa wakala anayetoa risiti, na dumu lifunguliwe mbele yako. Oili ya pipa iachwe. Kama oili sahihi haipatikani mjini kwako, subiri hadi ipatikane. Wiki chache hazitaua giaboksi iliyo nzima, lakini oili ngeni inaweza.

Kwa ndugu wa Nakuru: usikubali. CVT haina gia za kuingizwa kwa klachi moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Nissan huagiza NS-2 au NS-3 kulingana na toleo la gari, na ipi ni yako imeandikwa kwenye kitabu. Oili nyekundu ya kawaida ikiingia humo, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na mikwaruzo hiyo haiondolewi na oili yoyote baadaye. Kwa kuwa gari lako tayari linakawia kushika, usianze kwa kumwaga. Kwanza kiwango kipimwe kwa utaratibu wa Nissan, kisha kompyuta ya gari isomwe kama imehifadhi hitilafu, na joto la oili liangaliwe gari likiwa limetembea angalau nusu saa. Kiwango kikiwa pungufu, tafuta linapovujia. Kiwango kikiwa sawa na hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, badilisha kwa oili yake halisi pamoja na filta. Hitilafu ya presha au ya mkanda ikionekana, weka fedha ya oili kando uanze kuuliza bei ya kufungua giaboksi.